Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Taa Nyekundu za Marietha

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi ya kukata masikio. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Lakini moyo wangu unacheza, maana leo mimi Aniceti, mpiga picha za pasipoti hapa Babati mjini, nimepata mchongo wa kunitoa.

Ni hivi. Marietha, mwenye ile klabu ndogo ya muziki kule Nakwa, anataka picha moja kubwa ya kutundika nyuma ya kaunta. Picha ya bendi ikiwa kazini, jasho na kila kitu. Itapigwa Nane Nane kwenye bonanza la mchana. Atakayeitoa hiyo picha ndiye mpiga picha wa klabu tangu siku hiyo. Kuingia bure. Kukaa mbele. Kutambulika. Hasa kutambulika na Kornelia, yule mwimbaji, ambaye mpaka leo ananiita kaka wa pasipoti.

Tatizo ni Rama. Rama wa Rama Digital, duka la vioo jirani na stendi. Ana kamera ya kisasa na kale kadude kake kanakoruka, kanakotishia kuku wa watu. Amemwambia Marietha atapiga picha elfu moja, halafu achague moja.

Nikamwambia Marietha mimi napiga kwa filamu. Akacheka. Nikamweleza kwa upole kwamba huko Dar vijana wenye akili zao wamerudi kwenye mikanda ya zamani, nyeusi na nyeupe. Nikaongeza kwamba mtu anayehitaji picha elfu moja hajui anachotafuta. Haya ya mwisho nimeyatunga palepale, na yalitoka vizuri sana. Akasema basi njooni wote wawili, ataangalia kazi. Nikatoka kwa madaha, nikajikwaa kwenye kreti la soda, nikajifanya nilikuwa nataka kukaa.

Jumatatu, 4 Agosti

Mkanda umefika. Umekuja na basi kutoka Arusha ukiwa ndani ya soksi. Ni mmoja tu, wa picha thelathini na sita. Fundi anayejiamini anahitaji miwili ya nini?

Nimezifuta vumbi kamera za marehemu baba mdogo, aliyeniachia hii studio. Ni mbili, zimefanana kama mapacha. Moja naiita Bi Mkubwa, nyingine Bi Mdogo. Nimezibembeleza. Zimelia klak vizuri zote mbili.

Mchana akaja Mzee Theodori, mpiga gitaa la solo wa ile bendi. Shikamoo, marahaba, nikampa kiti cha wateja. Akakaa muda akiangalia vidole vyake vya mkono wa kushoto. Vimeanza kukakamaa. Nane Nane ndiyo mara yake ya mwisho jukwaani, halafu yeye na mkewe wanahamia Mutuka kwa mtoto wao Damasi.

Na hana hata picha moja akiwa anapiga gitaa. Maisha yake yote! Picha zote za bendi zinaonyesha waimbaji, yeye yuko nyuma ya spika, unaona kiwiko tu. Iliyowahi kumtoa vizuri ilikuwa kwenye simu, na simu ilitumbukia chooni. Wajukuu wa Mutuka wanasema babu anawapiga fiksi, hajawahi kuwa mwanamuziki. Hata mkewe, Mama Damasi, mtu wa kwaya na jumuiya, hajawahi kukanyaga klabu. Anamjua mume wake kwa mazoezi ya uani tu. Rama kamwambia atamtumia kwenye WhatsApp. Mzee hataki ya WhatsApp. Anataka ya karatasi, ndani ya fremu, sebuleni.

Nikaapa. Nikamshika mkono nikamwambia Mzee, hesabu tayari unayo.

Mama Sanaet, mwenye nyumba wangu, alikuwa mlangoni anapima maziwa. Mzee alipoondoka akasema amesikia kila kitu, na kwamba nikimwangusha yule baba yeye ataniondoa chumbani na kumpangisha ndama.

Jumatano, 6 Agosti

Nina akili sana. Sijui kwa nini watu wengi hawalioni hili.

Jana nilikuwa stoo kwa Mama Sanaet, katikati ya magunia ya mahindi, ambako ndiko chumba changu cha giza. Taa nyekundu inawaka. Nikajipiga picha kwa simu nipate kumbukumbu ya mtaalamu akiwa kazini. Picha ikatoka nyekundu tupu. Uso hauna pua, hauna macho, nyanya imevaa shati. Nikaona njia hapohapo.

Asubuhi nikaenda Nakwa mbio. Nikamwambia Marietha klabu zote za maana duniani zinatumia taa nyekundu wakati wa bendi. Zinafanya wateja waonekane vijana. Hilo la ujana lilimuingia. Kabla sijamaliza soda fundi umeme alikuwa juu ya ngazi anachomoa taa nyeupe.

Kwa mkanda wangu wa nyeusi na nyeupe taa nyekundu ni mwanga tu kama mwanga mwingine. Kwa kamera ya Rama ni msiba. Nimepita mbele ya duka lake nikamsalimia kwa uchangamfu hadi akashtuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo maandalizi ya kitaalamu.

Baba mdogo alinifundisha jambo ambalo Rama hawezi kulijua, kwa sababu alizaliwa filamu zikifa. Linaitwa kupiga hewa. Zamani kwenye harusi kila mtu alitaka picha. Mashangazi, majirani, mlevi wa mtaa, mtu aliyekuwa anapita tu na baiskeli. Ukimkatalia umemdhalilisha mbele za watu. Ukimkubalia, mkanda unakwisha bibi harusi bado yuko saluni. Kwa hiyo mpiga picha alibeba kamera mbili. Yenye mkanda kwa ajili ya maharusi, na tupu kwa ajili ya mashangazi. Tabasamu, klak, asante sana. Wakija kudai picha zao unawaambia walifumba macho. Nina shangazi mmoja aliyekufa akiamini ana ugonjwa wa kufumba macho.

Basi kesho Bi Mkubwa atabeba mkanda, kwa ajili ya Mzee Theodori, na Kornelia pale itakapobidi. Bi Mdogo atakuwa mtupu, kwa ajili ya wenye kusumbua. Nisije nikachanganya, nimemfunga Bi Mkubwa uzi mwekundu kwenye mkanda wa shingoni, na Bi Mdogo uzi mweupe. Rahisi. Hata mtoto hawezi kukosea.

Mama Sanaet kauliza kwa nini nisiandike tu kwa kalamu nyuma ya kamera. Nikamwambia kila kazi ina siri zake.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sijawahi kuwa na siku kama hii tangu nizaliwe. Nitaandika haraka.

Nje jua kali na upepo, ndani giza. Marietha ameziba madirisha kwa mapazia ili watu wajisikie usiku saa tisa ya mchana. Taa nyekundu kila kona. Kaklabu kenyewe ni kadogo, ukinyoosha mguu umempiga teke mpiga tumba. Watu wamevaa, wamejipulizia manukato, wamebanana mpaka mlangoni.

Mlangoni tu nimeshasumbuliwa. Baba Sankok, muuza mbuzi, akataka nimpige na kofia yake mpya. Nikamwinua Bi Mdogo, klak, asante. Akaridhika kabisa. Nikamkumbuka baba mdogo kwa heshima.

Wimbo wa kwanza sikupiga. Mtaalamu kwanza anasikiliza. Lakini ulipofika kwenye sebene, Mzee Theodori akasogea mbele ya spika, kwa mara ya kwanza nadhani, gitaa likaanza kulia, na mimi miguu ikaondoka yenyewe. Jamani, yule mzee anapiga! Vidole vimekakamaa wapi? Nikaziweka kamera zote mbili juu ya spika, nikacheza. Nilicheza na Baba Sankok. Nilicheza na nguzo. Kornelia akaninyooshea kidole kutoka jukwaani, labda mimi, labda mtu wa nyuma yangu. Mimi naandika ni mimi.

Sebene likaisha, nikarudi kwenye spika. Nikatafuta uzi mwekundu. Chini ya zile taa nyuzi zote mbili zilikuwa na rangi moja, sijui waridi sijui nini. Nikajiuliza Bi Mkubwa nilimweka kulia au kushoto. Kulia. Mkubwa hukaa kulia. Nikambusu, kazi ikaanza.

Sikupiga picha, nilipiga mashairi. Mzee kainama juu ya gitaa, klak. Mzee kainua kidevu, klak. Jasho limefika ncha ya pua, nasubiri, nasubiri, linadondoka, klak. Nilipanda juu ya kreti. Nililala chini, nikakanyagwa. Nilimpiga Kornelia akivuta pumzi kabla ya kiitikio, picha ambayo Rama akirudi duniani mara tano hataipata.

Na Rama! Alikuwa pembeni anabonyeza vitufe na kukunja uso. Kila akiangalia kioo cha kamera yake anatikisa kichwa. Wimbo wa tatu haujaisha akatoka nje. Nikamnunulia soda kwa furaha. Hakuinywa.

Wasumbufu nao hawakukosa. Baba Sankok tena, safari hii kamkumbatia mama mmoja ambaye si Mama Sankok. Wauza vitunguu wa kutoka Singe, kundi zima. Fundi umeme akionyesha taa zake. Wote hewa, wote wakanipigia makofi.

Sasa muujiza. Mkanda una picha thelathini na sita. Nimefika thelathini na sita, nikavuta kile kimkono cha kusogezea, kikaenda. Nikapiga. Nikavuta tena, kikaenda. Nikaendelea kupiga hadi nikaacha kuhesabu. Nadhani siku hizi viwandani wanaweka nyongeza. Mkanda wa baraka.

Wimbo wa mwisho, watu walikuwa wanapanda kumtunza Mzee, noti zinabandikwa kwenye paji la uso. Ghafla mlangoni pakatulia. Mama Damasi. Kitenge cha kwaya, mkoba kifuani, macho yanazunguka humo ndani kama mtu aliyeingia ofisi isiyo yake. Watu wakampisha. Akapita moja kwa moja hadi mbele ya mumewe, akasimama, akamwangalia anavyopiga. Hakumtunza hela. Alishika pindo la kitenge, akamfuta jasho usoni, taratibu, na Mzee hakuacha kupiga. Klabu nzima ilipiga kelele. Nimelia kidogo, nadhani ni moshi wa mishikaki.

Kisha yule mama akageuka akaniambia mwanangu, tupige na sisi, ndiyo kwanza nimeingia humu na sirudi tena, kisha akarudi kumfuta Mzee jasho. Wakati huohuo Kornelia alikuwa ananyanyua mikono kwa noti ya mwisho. Nifanyeje? Nikamwinua Bi Mdogo kwa mkono mmoja bila hata kuchungulia, klak, asante mama. Macho yangu yote yako kwa Kornelia.

Roho ilinisuta kidogo. Lakini si nina picha za Mzee za kujaza nyumba nzima?

Bi Mdogo baada ya hapo akagoma. Kimkono hakisogei hata kwa nguvu. Uzee. Nitamshughulikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeibiwa.

Asubuhi nikajifungia stoo na yule niliyempigia jana, taa nyekundu imewaka, dawa zote tayari. Agosti hii maji yana baridi ya kuua dawa, kwa hiyo niliziweka kwenye chupa ya chai ya Mama Sanaet zipate joto. Nikaanza kurudisha mkanda kwenye kikopo chake. Kifundo kinazunguka kirahisi mno. Kinazunguka na kuzunguka kama feni. Nikafungua. Bi Mkubwa hana kitu. Tumbo jeupe.

Nilipiga ukelele. Mama Sanaet akaja na fimbo akidhani ni nyoka. Nikamweleza kwamba Rama, kwa wivu, aliuchomoa mkanda wangu wakati nacheza sebene. Akauliza Rama aliufungua vipi mbele ya watu wote wale. Nikamwambia watu wa digitali wana mbinu. Akauliza tena kwa nini chupa yake ya chai inanuka kama betri. Nikaona mazungumzo yanakwenda pabaya, nikatoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kumkabili Rama. Nilipanga maneno makali njia nzima. Nilipofika nikamkuta kakaa nyuma ya kompyuta, shavu mkononi, hata salamu akaitikia kwa shida. Nikamwambia arudishe mkanda wangu. Akaniuliza mkanda gani, wa suruali? Nikamwambia asilete masihara. Akageuza kompyuta nione hasara yake.

Nyanya. Nyanya tupu. Nyanya inaimba, nyanya inapiga besi. Mzee Theodori doa jekundu limeshika gitaa. Rama akasema kuna mjinga alimshauri Marietha abadilishe taa, na akimjua atamla nyama. Nikasema kweli, wajinga ni wengi mji huu. Nikaaga.

Basi, kwa akili zangu mwenyewe, nimehakikisha kwamba hata Rama hana picha ya Mzee. Nikapita kwa wateja niliowaona na simu. Nyanya tena, na wote wamempiga Kornelia. Mzee ni kiwiko pembeni.

Nimerudi nikamkuta Mzee Theodori studio, katoka kanisani na tai yake. Anauliza picha. Nikamwambia filamu si kama simu, bado zinaiva. Akasema hana haraka, ila Jumanne wanahama, na Mama Damasi ameshanunua fremu. Damasi naye ameshapigilia msumari ukutani kule Mutuka. Akanishukuru kabla ya wakati, akanishika bega, akaondoka anapiga mluzi ule wimbo wa mwisho.

Sijala. Nimeonja tu wali sahani mbili.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi nikapata mpango. Nitamwita Mzee studio na gitaa lake, nimwagie maji usoni yawe jasho, nipige upya, niseme ni ya klabuni. Kasoro moja, sina mkanda. Lakini yuko jamaa Arusha anayekusanya kamera za zamani. Nitampa Bi Mdogo, anipe mkanda kwa basi la mchana. Kasoro ya pili, Bi Mdogo amegoma. Basi nimtengeneze kwanza.

Nikatoka nje kwenye jua nione vizuri. Nikakaa kwenye kigoda cha Mama Sanaet, bisibisi mkononi, nikafungua mgongo wa Bi Mdogo.

Mkanda.

Mkanda wangu ulikuwa humo. Umejiviringisha wote hadi mwisho, ndiyo maana kimkono kiligoma. Ulikuwa unanitazama na mimi nauangalia, na jua linauangalia pia. Nikafunga kwa kishindo. Nikamfunika Bi Mdogo kwa shuka langu, juu yake blanketi la Mama Sanaet, juu yake mwili wangu. Nikalala hapo chini uani nikihema. Mama Sanaet akapita na ndoo ya maziwa, akanitazama, akapita.

Nikatazama mkanda wa shingoni uliochomoza nje ya shuka, uzi mwekundu. Kumbe Rama hajaiba kitu. Kumbe Nane Nane nzima yule niliyembusu alikuwa Bi Mdogo mtupu, na zile picha zote za kishairi nilipiga hewa. Jasho la ncha ya pua, hewa. Pumzi ya Kornelia, hewa. Na waliopata mkanda ni wauza vitunguu.

Nikaingia stoo. Nilisafisha mkanda. Nilipowasha taa nyeupe na kuuinua, wa kwanza kabisa alikuwa Baba Sankok na yule mama. Wametoka vizuri ajabu, na Baba Sankok alimwambia mkewe yuko mnadani. Fundi umeme na taa zake. Vitunguu, vitunguu, vitunguu. Mzee Theodori hata kiwiko hakuna. Nikashuka na mkanda taratibu, nikafika mwisho, pale jua lilipouma. Picha za mwisho zimeungua, hazionyeshi kitu. Isipokuwa moja, ambayo jua liliilamba upande tu.

Nikaichapa hiyo moja kwenye karatasi. Nikainama juu ya sinia la dawa, nikangoja. Kwanza ikaja shingo ya gitaa. Halafu vidole. Halafu pindo la kitenge, mkono wa mama, uso wa mzee umeinama kwenye ule mkono. Upande wa kulia, pale jua lilipoingia, watu wote wamefutika wamekuwa mwanga mtupu. Hakuna klabu, hakuna spika, hakuna Kornelia. Wamebaki wawili tu, na yeye bado anapiga.

Mama Sanaet alikuwa amekuja kudai chupa ya chai. Akaiangalia ile picha muda mrefu. Hakudai tena.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikodi bodaboda asubuhi na mapema niwakute kabla gari halijapakia. Magodoro yalikuwa nje, gitaa limefungwa ndani ya shuka. Shikamoo baba, shikamoo mama. Nikatoa bahasha.

Mzee aliishika kwa mikono yote miwili. Alikaa juu ya godoro, akaivuta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaivuta tena. Mama Damasi akaja nyuma yake, akajiona, akafunika mdomo kwa kiganja. Akasema mwanangu, wewe ulikuwa na shughuli nyingi siku ile lakini ulisimama ukatupiga kwa moyo. Nikaangalia chini. Nikasema kazi ni kazi, mama.

Wakaiweka kwenye fremu palepale. Damasi, aliyekuja kuwahamisha, akawapigia wajukuu simu, akawaambia babu yao hajawahi kupiga fiksi.

Kisha Mzee akakumbuka. Akauliza zile nyingine je, zile za solo, maana aliniona nimelala chini kabisa nikimpiga. Nikatafuta jibu kichwani, likaja moja tu. Nikamwambia Mzee, ulifumba macho.

Akacheka hadi akashika kifua. Akasema kweli kabisa, kwenye solo huwa anafumba macho, hajawahi kupiga solo akiwa ameyafumbua. Akaniambia mimi ni mpiga picha wa kwanza kuligundua hilo.

Baba mdogo, popote ulipo, njia yako inafanya kazi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nakala kubwa iko nyuma ya kaunta ya Marietha. Mimi ndiye mpiga picha wa klabu. Naandika tena. Mimi ndiye mpiga picha wa klabu.

Watu wanasimama mbele yake na bia zao, wanasahau kunywa. Marietha akaniuliza ule mwanga wa pembeni niliufanyaje. Nikamwambia ni ufundi wa miaka mingi, unataka utulivu na jua la asubuhi. Rama naye alikuja. Aliiangalia kwa muda, akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kujifunza filamu. Nikamwambia nitafikiria. Kornelia aliiangalia kuliko wote, akafuta macho, akaniita kaka Aniceti. Pasipoti imekufa! Akauliza picha zake yeye ziko wapi. Nikamwambia alifumba macho. Akasema yeye hafumbi. Nikasema anafumba kidogo sana, mtu asiyesomea hawezi kuona. Ameondoka anajitazama kwenye kioo cha simu.

Baba Sankok nimempa picha yake bure na negativu yake, na amenitumia mguu wa mbuzi. Mama Sanaet amepewa chupa mpya ya chai na robo ya mguu. Ndama atasubiri.

Mwisho wa mwezi kuna harusi palepale klabuni, bendi itapiga, Kornelia ataimba, na Rama atakuwepo na kamera yake. Nimeshajipanga. Bi Mkubwa na mkanda, Bi Mdogo hewa. Mama Sanaet kasema tena niandike kwa kalamu nyuma ya kamera. Anadhani nina muda wa mambo ya kitoto. Kosa lilikuwa uzi mwekundu chini ya taa nyekundu, na mimi kosa silirudii. Nimeutoa. Bi Mkubwa sasa ana uzi wa bluu.

Na ili Rama asipate nafasi, leo nimemshauri Marietha abadilishe zile taa. Nyekundu zimepitwa na wakati. Nimemwambia klabu zote za maana sasa zinatumia bluu.